Droo ya Mboga Mbele ya Kamati

Kila neno lililomo humu ni la kweli. Naapa kwa miguu yangu yote miwili, na wa kulia ndio ninaoutegemea zaidi, kwamba sikuongeza chumvi hata chembe. Mtakapoonja chumvi, jueni ni jasho la wahusika.

Alikuwapo mwanamke mmoja fundi wa friji, watu wakimwita Fundi Barafu. Jina lake halisi walilijua mama yake na karani wa zahanati, basi. Karakana yake ilikuwa baraza ya duka la vifaa vya ujenzi: meza ya mbao iliyoungua kona moja, mtungi wa gesi, sanduku la spana, na friji saba au nane zimepangwa ukutani milango wazi, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari wa meno. Vipimo alikuwa navyo, lakini kwanza aliweka kiganja juu ya friji, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Moyo mzima," angesema. "Huyu kazibwa pua tu."

Ukikata ule mrija mwembamba wa nyuma, unaukuta umeziba kweli. Siku moja alisikia friji ikikoroma vibaya ndani ya lori lililokuwa likipita kwa mwendo wa kilomita themanini. Akapiga mluzi, lori likasimama, akaitengeneza na kurudi kumalizia chai yake ingali na moto. Hilo wapo walioliona.

Kwa ufundi hakuwa na mpinzani. Kwa karatasi hakuwa na kitu. Aliacha shule kidato cha pili, mwaka ule baba yake alipopofuka, akashika spana za mzee ili wadogo zake watatu wasome. Wakasoma. Mmoja leo ni muuguzi, mmoja anaendesha treni, na wa tatu bado anatafuta anachokipenda, akikipata tutaambiwa.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili. Leseni ya ufundi haitoki bila cheti cha chuo. Chuo cha ufundi hakimpokei mtu bila cheti cha kumaliza sekondari, tena asizidi miaka ishirini na mitano. Kwa hiyo kazi kubwa kubwa, kama chumba baridi cha hospitali kinachotunza chanjo, walipewa wenye leseni. Wenye leseni wakikwama, walikuja barazani kwa adabu nyingi kumwomba Fundi Barafu awasaidie. Anatengeneza yeye, jina linaandikwa la mwingine. Chumba kile alikuwa amekitibu mara nne, na mlangoni palikuwa na majina manne ya wanaume.

Lakini sikilizeni kichekesho chenyewe. Chuo hichohicho kilikuwa kikimletea wanafunzi. Kila mwanafunzi kabla ya kufuzu lazima akae miezi mitatu kwa fundi mzoefu, na fundi huyo ajaze daftari la mafunzo kwa vitendo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa mwisho unaosema huyu anaweza au hawezi. Mji mzima, fundi mwenye subira ya kufundisha alikuwa mmoja. Miaka minane walikuja, wakakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, wakafundishwa kusikiliza. Yeye akawasainia, wakaenda zao wakavaa majoho. Geti walilopita wao, yeye hakuruhusiwa kulipita.

Siku moja ya Jumatatu mjomba wake alikuja na habari. Mjomba huyu alikuwa mstaafu wa mizani ya malori, mzee mtanashati, mwenye busara, anayependwa na watu wote. Miaka thelathini na mmoja alikatazwa na sheria kuongeza hata kilo moja juu ya uzito halisi wa kitu. Alipostaafu akaanza kufidia.

"Mpwa wangu, weka chini hiyo spana," alisema. "Nimesoma tangazo pale halmashauri. Kamati ya elimu inakusanya maoni kuhusu masharti ya chuo. Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Watakayopitisha hayaguswi tena miaka mitano."

Fundi Barafu hakuweka spana chini. "Miaka mitano," alisema.

"Mitano."

"Nitakuwa na arobaini na saba."

"Na mimi nitakuwa marehemu, kwa hiyo hutakuwa na mtu wa kukusindikiza. Twende Alhamisi."

"Nikaseme nini mbele ya wasomi, Mjomba?"

"Mimi nitasema! Nitawaambia ulitengeneza friji ya mochwari kwa pini ya nywele, gizani, maiti mmoja akainuka akakushukuru."

Spana ikawekwa chini. "Mjomba, nisikilize. Wakikukamata kwenye uongo mmoja, hata ukweli wangu watautilia shaka. Ukija, uje na mdomo umefungwa."

"Umefungwa," alisema Mjomba, akaufunga. Ukakaa hivyo karibu dakika nzima.

Siku tatu zile Fundi Barafu hakulala usingizi wa maana. Hakuogopa kukataliwa, kukataliwa alikuzoea kama vumbi la barazani. Aliogopa kusimama. Alijaribu hotuba yake mbele ya friji zake, nazo zilimsikiliza kwa heshima, ila moja, yenye milango miwili, ilikuwa ikizima kila anapofika kwenye "waheshimiwa wajumbe." Jumatano jioni, alipokuwa akitafuta karatasi ya kuandikia, alifungua friji kuukuu iliyokuwa kabati lake la nyaraka. Chini kabisa, kwenye droo ya mboga, alikuta rundo. Akachomoa moja, akaisoma. Akachomoa nyingine. Kisha akacheka peke yake, mpaka mlinzi wa duka akaja kuuliza kama gesi inavuja.

Alhamisi ukumbi wa halmashauri ulifurika. Watu mia nne, wengine wamening'inia madirishani. Feni moja ilikuwa ikizunguka polepole kama inayofikiria mambo yake. Mbele, nyuma ya meza ya kitambaa cha kijani, walikaa wajumbe tisa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kuwaamrisha watoto watoke na wakatoka.

Fundi Barafu aliingia amebeba droo ya mboga kifuani, imefunikwa kitambaa. Mjomba alimfuata nyuma, amekaza midomo.

"Mama, umeleta chakula?" aliuliza bawabu.

"Nimeleta mashahidi," alisema Fundi Barafu.

Aliyeanza kusema ni Msajili wa chuo, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, chuo kinaomba masharti yabaki yalivyo. Sisi tunalinda ubora. Tukifungua geti kwa kila anayejua kushika bisibisi, kesho tutasajili wezi wa nyaya."

Ukumbi ukaguna. Kutoka nyuma fundi bomba mmoja akapaza sauti: "Mbona choo chenu cha chuo nimekizibua mimi? Uliniuliza cheti?"

"Kimya!" alisema Mwenyekiti. "Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Fundi Barafu. Alishika kipaza sauti, kikapiga yowe, watu wakaziba masikio. Kijana wa mitambo wa halmashauri, mrefu ajabu, anaitwa Twiga, akaruka kutoka pembeni kukirekebisha. Alipoona nani amekishika, akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Waya wako umelegea huku chini."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Twiga, akachutama kuukaza.

Hapo hofu ikamtoka. Kumbe alichohitaji ni waya mmoja uliolegea.

"Waheshimiwa, mimi ni fundi wa friji," alianza. "Niliacha shule kwa sababu nyumbani walihitaji mikono. Wapo wengi kama mimi humu, mafundi bomba, washonaji, waashi. Naomba mambo mawili. La kwanza, mtu anayefanya kazi apimwe kwa kazi yake, umri wowote alio nao. La pili, masomo aliyoyakosa afundishwe jioni, akitoka kazini. Siombi cheti cha bure. Naomba mtihani."

Hakuwa na zaidi. Alikuwa ameandaa kurasa mbili, akazisahau zote, na lililobaki lilitosha.

Msajili akainuka taratibu. "Maneno mazuri. Lakini Mheshimiwa, tutajuaje kama watu hawa wanajua wanachokifanya? Nani amethibitisha?"

"Ninyi," alisema Fundi Barafu.

Akafunua droo. Ndani zilikuwa nakala za kaboni za madaftari ya mafunzo, zile zinazobaki kwa fundi baada ya mwanafunzi kuchukua daftari lake. Sitini na nne, hazijakunjika, zikinukia kidogo mafuta ya mashine. Bawabu alizipeleka mezani.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaangalia ya kwanza, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Msajili, hebu njoo utusomee. Macho yangu yamezeeka."

Msajili akasoma jina la mwanafunzi. Akasoma tarehe. Akasoma maksi.

"Endelea. Hapo panaposema elimu ya msimamizi."

Msajili akakohoa.

"Tunakusikiliza, baba."

"'Niliacha shule kidato cha pili.'"

"Na huo wekundu hapo juu ya maneno hayo ni nini?"

"Ni muhuri, Mheshimiwa."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Unasemaje?"

Msajili akasogeza karatasi karibu na pua, labda akitumaini muhuri utabadili kauli. "'Imethibitishwa.'"

Ukumbi ulilipuka. Ilikuwa hivi: fomu ya chuo ilikuwa na mstari unaouliza elimu ya msimamizi, na Fundi Barafu, mtu asiyejua kudanganya hata fomu, aliujaza ukweli kila mara, kwa herufi kubwa, miaka minane. Na kila mara chuoni mtu alichukua muhuri akaugonga palepale bila kusoma.

"Soma nyingine," alisema Mwenyekiti.

Akasoma nyingine. Kidato cha pili. Imethibitishwa. Akasoma ya tatu. Alipofika ya tisa, Msajili mwenyewe mabega yalianza kutikisika, akatoa leso, na haikujulikana kama analia au anacheka, mpaka alipotoa sauti ya kuku aliyekanyagwa na wote wakajua anacheka.

"Nisamehe, Mheshimiwa," alisema. "Muhuri huu ninaugonga mimi."

"Sasa nisaidie," alisema Mwenyekiti. "Mimi nilikuwa mkunga, sheria sikuisoma. Kama mama huyu hajui kazi, hawa sitini na nne wamefuzu kwa kufundishwa na nani? Tuvifute vyeti vyao? Na kama anajua, anasubiri nini nje ya geti lenu?"

Kutoka chini ya meza, alipokuwa bado amechutama na nyaya, Twiga alipiga kelele: "Mheshimiwa, msikifute changu! Nimepata mke kwa cheti kile!"

"Mkeo yuko wapi?"

"Nipo hapa!" alijibu mwanamke safu ya tatu. "Na mimi nasema msikifute, nimeshamzoea."

Basi kicheko hicho kikamaliza ubishi. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Saba dhidi ya mbili: mwenye uzoefu wa kazi wa miaka mitano apewe mtihani wa vitendo, akifaulu aingie, umri usiulizwe, na masomo yawe jioni. Fundi Barafu alisimama na droo tupu mkononi, haamini, akawa anaigeuzageuza kama anayetafuta pengine kuna karatasi iliyobaki.

Msajili akainua kidole. "Ombi moja tu, Mheshimiwa. Darasa la jioni linahitaji walimu na taa. Tukubaliane, wasipofika watu ishirini na watano waliofaulu mtihani na kujiandikisha kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa kumi kamili, lisifunguliwe mwaka huu. Tutajuaje kama watu watakuja?"

Lilikuwa swali la haki. Na ndipo, nyuma ya Fundi Barafu, kufuli la mdomo likakatika.

"Mia mbili!" alinguruma Mjomba, amesimama juu ya kiti. "Mia mbili wako tayari! Nimewahesabu mwenyewe! Wengine wanatembea kutoka mbali, wapo njiani sasa hivi!"

"Mjomba, shuka," alinong'ona Fundi Barafu.

"Na wakipungua, Mheshimiwa, hata mmoja, nafasi hiyo nitaijaza mimi!"

"Karani," alisema Mwenyekiti, "andika hayo maneno ya mzee."

Karani akaandika.

Wiki tatu zilizofuata hazikuwa mchezo. Mitihani ilifanyika karakana ya chuo. Fundi Barafu alipewa friji mbovu na saa mbili. Alitumia dakika kumi na moja, muda uliobaki akamwonyesha msimamizi kosa lililokuwa kwenye friji ya ofisi yake. Alipotoka hapo, kila jioni alifunga karakana mapema akazunguka mjini. Alimwendea mshonaji aliyesema, "Dada, mimi hesabu zilinikimbia, si mimi niliyezikimbia." Alimwendea mwashi aliyeficha mikono kwa aibu ya kushika kalamu. Kila mmoja alimwambia lilelile: twende tukaogope pamoja.

Ijumaa ya mwisho ilifika. Fundi Barafu alikuwa wa kwanza kwenye orodha, akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha la Msajili kuanzia asubuhi. Akaja mshonaji. Akaja fundi bomba, ufunguo wake mkubwa begani, akidhani atapimwa tena. Wakaja waashi wanne kwa pamoja wakisukumana nani atangulie. Saa tisa na nusu walikuwa ishirini na wawili. Saa kumi kasoro robo, ishirini na wanne.

Kisha hakuja mtu.

Fundi Barafu aliangalia geti, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia geti. Mtu mmoja. Miaka yote ile, na sasa amepungukiwa na mtu mmoja. Mwashi aliyeficha mikono alianza kukunja karatasi yake taratibu.

"Wale mia mbili wa njiani," alisema Msajili kupitia dirishani, kwa upole, "huenda wamepata pancha?"

Watu ishirini na wanne wakageuka kumtazama Mjomba. Alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, akisoma kwa makini sana tangazo la kukataza kutema mate.

"Mjomba," alisema Fundi Barafu.

"Mimi nina miaka sabini na mmoja."

"Umri hauulizwi," alisema Msajili. "Tulipiga kura."

"Mtihani wa vitendo sikufanya!"

Msajili akamwita fundi wa stoo, wakaburuta mizani ya mizigo mpaka nje, na juu yake pakawekwa pampu kuukuu. "Mizani hii inadanganya. Iambie iseme kweli. Una dakika saba."

Mjomba alivua koti. Akaipiga mizani kofi la kirafiki, akapiga magoti, akalegeza skrubu, akakaza, akapuliza vumbi, akaweka jiwe la kipimo, akatikisa kichwa, akakaza tena. Ikasoma sawasawa, bila gramu moja ya ziada. Dakika tano. Waashi wakashangilia kama mpira umeingia golini.

"Sasa fomu," alisema Msajili. "Elimu yako?"

Hapo Mjomba alishika kalamu asiandike. Kwa maana miaka arobaini ukoo mzima ulijua kwamba alimaliza sekondari akashika nafasi ya kwanza, watahiniwa elfu sita nyuma yake, na kwamba cheti kiliungua na nyumba. Kalamu ilikaa hewani. Fundi Barafu aliisogeza karatasi mbele yake, akaweka kiganja juu ya bega la mzee na kuinamisha kichwa, kama afanyavyo kazini.

"Andika tu, Mjomba," alisema taratibu. "Hapa hakuna anayecheka."

Mjomba akaandika: *Darasa la sita.* Muhuri ukagongwa saa kumi kasoro dakika moja, na safari hii Msajili alisoma kwanza. Kisha Fundi Barafu akapiga kigelegele kilichofanya wanafunzi wa mchana wachungulie madirishani, na mshonaji akamnyanyua mwashi, au mwashi alimnyanyua mshonaji, walizunguka sana.

Darasa lilifunguliwa Jumatatu. Wiki ya tatu mwalimu wa lugha akatupa kazi: andika tukio la kweli ulilolishuhudia. Ndiyo, *akatupa*. Nimeandika haya nikiwa dawati la mbele, na mpwa wangu, aliyekaa nyuma, kayasoma juu ya bega langu tangu mstari wa kwanza bila kusema neno, mpaka sasa.

"Mjomba. Lile lori lilikuwa limeegeshwa."

"Lakini lilikuwa lori."

"Ukumbini tulikuwa watu sitini. Hakuna aliyening'inia. Na huyu 'mtanashati anayependwa na watu wote' ni nani? Mimi simjui."

Darasa zima likageuka. Mwalimu akalichukua daftari, akasoma, akachora mistari kumi na tatu kwa kalamu nyekundu, na kila mstari ukawa jioni moja ya kufuta ubao baada ya kipindi. Leo ni ya kwanza. Fundi Barafu amekaa ananingoja, anakokotoa hesabu zake za umeme huku akiimba, na kesho atakwenda hospitali kwa kazi yake ya kwanza ya vitendo yenye jina lake kwenye fomu. Mimi niko na kitambaa cha chaki. Ubao wenyewe ni mkubwa, jamani, ukisimama huku huoni mwisho wake.

Haya, haya. Ni mita mbili na nusu. Mpwa wangu amenipa futi nikaupima.